Watu wa ufukweni hawaogopi teknolojia, wanatuogopa sisi

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia katika mikutano yetu sisi watengenezaji wa programu hapa Kisumu: "Wananchi hawajaelimika, ndiyo maana hawaamini mambo ya mtandao." Leo naipinga waziwazi.

Nenda Dunga mashua zinaporudi. Utamkuta mama anayeuza samaki, pengine hajawahi kugusa kompyuta, akilipwa pesa za mbuta kwa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza Machi 2007 kwenye simu za mulika mwizi, menyu ya maandishi matupu, bila picha wala madoido. Huyu ndiye asiyeelimika?

Tena mtazame vizuri. Mnunuzi akimwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, mama hababaiki. Anangoja ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe. Ukiingia, anaangalia umetoka wapi, maana matapeli hutuma ujumbe bandia kwa namba za kawaida. Akishuku bado, anatazama salio. Mtaji wake wa kesho umo humo. Haamini ovyo, anaamini kwa sababu ana njia ya kukagua.

Mnunuzi naye huona jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Akikosea namba, anatuma ujumbe uleule wa malipo kwenda 456 kuomba zirudishwe. Si kila mara zinarudi, kwani aliyezipokea anaweza kuwa amekwisha kuzitoa, lakini mlango wa kubisha upo. Na wakala ana kibanda. Kesho utamkuta palepale.

Mtaniambia watu wanaiamini kwa sababu ni ya kampuni kubwa. Basi jina hilohilo la M-Pesa lilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010 na Vodacom, kampuni kubwa kweli, na mwaka 2016 huduma ikafungwa. Ukubwa peke yake haununui imani.

Sasa linganisheni na programu za mikopo zilizojaa kwenye simu zetu miaka ya 2010. Sura nzuri, mkopo ndani ya dakika chache. Lakini baadhi yake zilichota majina yote uliyohifadhi kwenye simu, na ulipochelewa kulipa, shemeji yako na mwajiri wako wakapigiwa. Ilibidi sheria ya Benki Kuu irekebishwe mwaka 2021 ili wakopeshaji hao wachukue leseni, na kanuni za 2022 zikakataza kuwaaibisha wadaiwa namna hiyo. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyeumwa hivyo akikataa programu yako mpya, usimwite mshamba.

Kwa hiyo wenzangu, kabla ya kuzindua programu nyingine, tujibu maswali matatu. Mteja atahakikishaje mwenyewe, bila kutuuliza sisi? Kosa likitokea Jumamosi saa mbili usiku, atampata nani? Na hasara itakuwa ya nani?

Kama jibu la swali la tatu ni "ya mteja", semina za uhamasishaji hazitasaidia kitu. Yule mama wa Dunga atawasikiliza kwa heshima, atakunywa soda yenu, kisha atarudi kwenye samaki wake na kuendelea kudai noti mkononi. Nami nitamuunga mkono.