BANDARI SI MALI YA WATU WA PWANI PEKE YAO

Kwa ndugu wanachama na makarani wote wa Mbulu na Hanang'.

Wako wenzetu wasemao kwamba habari za bandari hazituhusu sisi tukaao milimani. Husema, "Bahari iko mbali, mambo ya meli tuwaachie watu wa Tanga na Dar es Salaam." Maneno hayo twayasikia maofisini, twayasikia mnadani Katesh, hata katika mikutano yetu wenyewe. Sisi twayakataa kabisa, na yatupasa kueleza sababu.

Kwanza tulitaje jambo lenyewe. Mwaka 1973 kiliundwa Chama cha Usimamizi wa Bandari za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambacho makao yake makuu yako Mombasa. Chama hicho hukusanya mamlaka za bandari, wizara na mashirika ya uchukuzi, wapate kushauriana na kusaidiana. Kwa upande wa Tanzania Bara, sauti isikiwayo humo ni ya Mamlaka ya Bandari, ambayo makao yake yako Dar es Salaam. Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na bandari iko mlangoni mwake, lakini jiji lenyewe halina kiti. Sisi twasema lastahili kuingia, tena twasema kwamba wilaya zetu zastahili kulisukuma liingie.

Yafaa tukumbuke yaliyopita. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Ilidhaniwa kwamba mazao yote ya kaskazini yangeshuka Tanga. Lakini katika Vita Kuu ya 1914-1918 Waingereza walijenga reli nyingine kutoka Voi hata Kahe kwa haja ya majeshi yao. Vita vilipokwisha reli ile ilibaki, na mizigo mingi ya kaskazini ikafuata njia ya Mombasa. Hapana mkulima aliyeulizwa. Tanga ikakaa miaka mingi ikihudumia katani, meli kubwa zikitia nanga mbali, na shehena ikiletwa nchi kavu kwa matishari.

Leo mambo yamegeuka. Kazi iliyoanza mwaka 2019 imechimba lango la bandari hata kina cha mita 13, na gati la mita 450 limejengwa upya. Gharama yake ni kiasi cha shilingi bilioni 429. Treni nayo ilirudi Arusha mwaka 2020. Tena bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, ambalo urefu wake ni kilomita 1,443, limepangwa kupita katika mkoa wetu wa Manyara na kuishia Chongoleani, Tanga. Je, mtu aweza kusema bado kwamba Tanga haituhusu?

Sasa tuitazame ngano. Kuanzia mwaka 1970, kwa msaada wa Canada, Serikali ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, hata yakafika kiasi cha eka 100,000 chini ya shirika la NAFCO. Malisho ya Wabarbaig yalichukuliwa. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Wakashinda katika Mahakama Kuu, kisha wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Ardhi ilitolewa kwa sababu ilisemwa kwamba nchi yahitaji ngano yake yenyewe. Na leo? Sehemu kubwa ya ngano isagwayo nchini huja kwa meli kutoka ng'ambo. Basi bei ya gunia la Hanang' haiamuliwi Hanang' tu. Huamuliwa pia gatini, kwa gharama ya kushusha tani moja, kwa ushuru wa forodha, na kwa siku ambazo meli hungoja zamu.

Hatusemi kwamba kila gharama ikipunguzwa bandarini itatufaa. Mbolea ikishuka kwa bei nafuu, mkulima wa vitunguu saumu kule Mbulu atafurahi. Lakini ngano ya kigeni ikishuka kwa bei nafuu, jirani yake wa Basotu atalia. Kwa ajili hiyo hasa twataka watu wa bara wasikiwe. Mtu wa ofisi ya bandari huhesabu meli na tani, na hiyo ndiyo kazi yake halali. Hatumlaumu. Lakini hesabu ya mkulima hawezi kuifanya yeye.

Wako watakaotujibu: "Gati ni mali ya Mamlaka, jiji halina gati, litaingiaje katika chama cha bandari?" Twauliza nasi: wizara ina gati gani? Nayo haikukataliwa. Tena katika Ufaransa, mjini Le Havre, kiliundwa mwaka 1988 chama cha kimataifa cha miji na bandari, ambamo mwenye mji na mwenye gati hukaa meza moja. Jambo hili, basi, si geni duniani.

Wengine watasema kwamba Tanga ni mji mdogo, nao utamezwa na Mombasa na Durban. Sisi twaona kinyume. Mkubwa aweza kujisemea peke yake. Mdogo ndiye ahitajiye chama. Sisi makarani twalijua hilo kuliko watu wengine. Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika kilianzishwa mwaka 1922, na kilianzishwa Tanga hiyo hiyo, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake. Karani mmoja mmoja hakuwa na nguvu mbele ya wakubwa. Walipokusanyika, barua yao ilisomwa.

Kwa hiyo twatoa madai matatu. La kwanza, Halmashauri ya Jiji la Tanga iombe kuingia katika chama cha bandari, na Mamlaka isiizuie. La pili, kabla ya kila mkutano mkuu, halmashauri za wilaya za bara zinazotumia bandari ya Tanga, zikiwamo Mbulu na Hanang', ziulizwe mazao yao na shida zao, na majibu yaandikwe. La tatu, ada zote za bandari zibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za wilaya, ili mwenye magunia kumi ajue kama yule mwenye magunia elfu.

Nanyi ndugu makarani, msingoje amri. Ninyi ndio mshikao madaftari ya mazao na ya masoko. Andikeni kila msimu ni magunia mangapi yametoka, yamekwenda bandari gani, na nauli ilikuwa kiasi gani. Siku ile Tanga itakapokaa mezani, isiende mikono mitupu. Wazee wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Tumekosa kuwapo mara nyingi, tangu siku za reli ya Voi hata siku za mashamba ya Basotu, na hasara yake twaijua.