Treni Kuungana Mbioni, na Malaba Je?

Wako wahandisi wanaotaka treni isisimame kabisa njiani. Abiria wa Voi, wasema, apande behewa dogo stesheni. Treni kubwa ikipita, behewa liifukuze, liishike mkia, ziungane zikiwa mbioni. Abiria avuke kwa miguu ndani kwa ndani. Wa kushuka mbele wakae behewa la nyuma, liachiwe, lifunge breki lenyewe.

Nusu ya jambo hili si ndoto. Uingereza ilianza kuachia mabehewa mbioni mwaka 1858, na la mwisho liliachiwa Bicester mwaka 1960. Lakini kuachana ni kwepesi kuliko kuungana, waliooa wanajua. Kuungana kwataka mwendo sawasawa. Ukizidi kidogo tu, kishindo chamwangusha bibi aliyesimama na kikapu chake.

Na faida? Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, ina treni ya moja kwa moja, na ina ile isimamayo Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Tofauti yao ni kiasi cha saa moja. Si haba kwa atakaye kuiwahi magharibi nyumbani, lakini ni saa moja tu.

Sasa mtazame mtu wa Matayos, kule Busia. Reli haipiti kwake. Iliyo karibu ni ya Malaba, mpakani. Wazee wetu wa pwani waliijua nchi ile. Misafara yao ikipiga kambi Mumias, kwa Nabongo Mumia, ikielekea Buganda. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 misafara ikafa, na ile ipitayo Malaba ikafika Kampala mwaka 1931.

Reli hiyo ilikuwa ya shirika moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 shirika likavunjika, na Malaba pakawa pa kukatia na kuungia upya. Hapo muda ulipotelea treni ikiwa imesimama, si ikienda! Afadhali makaratasi: toka mwaka 2014 ukaapangwa utaratibu wa ushuru wa mzigo wa Uganda kumalizwa kabla haujatoka Mombasa. Huko nako ni kuungana mbioni, na hakukuhitaji chuma.

Kilichobaki ni upana wa reli. Ile mpya, iliyofika karibu na Naivasha mwaka 2019, ina milimita 1,435. Ya zamani ina 1,000. Mabehewa ya reli hizi hayaungani, si mbioni si kwa kusimama. Mwaka 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Uturuki mkataba wa reli ya upana mpya, kilomita 272, Malaba mpaka Kampala. Mimi nasema pande mbili zifike Malaba kwa pamoja. Ikitangulia ya Uganda, kontena la Mombasa litanyanyuliwa kwa kreni Naivasha, kisha linyanyuliwe tena Malaba.