Kabla Hamjaomba Kufilisishwa, Waiteni Wadhamini Wenu



Mwezi uliopita walikuja ofisini kwetu mume na mke kutoka upande wa Ngoliba. Ilikuwa siku ya Jumanne, lakini walikuwa wamevaa nguo za kanisani, na mzee alishika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Wananiita mwalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu pale Kilimambogo na nikamfundisha mtoto wao kabla sijawa karani wa kilimo.

"Mwalimu," akasema mzee, "tumesikia kuna sheria ya kufilisika. Ukishakubaliwa kortini, madeni yote yanafutwa. Tusaidie kujaza fomu."

Mimi si wakili. Kazi yangu ni kuandika ng'ombe waliochanjwa na magunia ya mbolea yaliyochukuliwa. Lakini niliwaketisha, nikachukua karatasi, nikawaomba wanitajie madeni yao moja moja. Wameniruhusu kuyaandika hapa ili yawafae wengine, mradi nisitoe majina yao.

Benki inawadai Sh. 850,000, nao waliweka rehani hati ya shamba lao la ekari tatu. Fedha hizo walinunulia ng'ombe wa gredi na kujengea zizi. Sacco inawadai Sh. 320,000, na wadhamini ni jirani watano. Mama akasema ni hayo tu. Mzee akaangalia chini, kisha akasema polepole kwamba kuna Sh. 140,000 nyingine, za mikopo ya simu na za duka la dawa na vyakula vya mifugo. Mama hakusema neno. Akafungua kibeti chake akatoa kitabu cha chama cha akina mama: Sh. 60,000. Mzee naye hakuwa na habari ya hizo.

Jumla ni Sh. 1,370,000. Watu wawili wanaolala nyumba moja walikuwa hawajapata kuiona jumla hiyo mpaka siku ile, tena mbele ya karani. Ningependa kila mume na mke anayesoma gazeti hili aweke gazeti chini, atafute daftari, aandike. Msingoje bahasha ya kaki.

Deni halikuletwa na ulevi wala uvivu. Ng'ombe wawili walikufa kwa ndigana. Ukame wa mwaka 2022 ukaja, majani yakaisha, na bei ya vyakula vya madukani ikapanda. Sasa wanao ng'ombe watatu wanaokamuliwa, lita 30 kwa siku, Sh. 45 kwa lita. Hiyo ni kama Sh. 40,500 kwa mwezi. Chakula cha ng'ombe, dawa na mbegu vinakula Sh. 22,000. Zinabaki Sh. 18,500. Benki inataka Sh. 26,000 kila mwezi na Sacco Sh. 11,500. Mwenye kujua kutoa na kujumlisha ataona kwamba kila mwezi wanapungukiwa na Sh. 19,000, na hapo hawajala, wala hawajalipa karo. Ndipo mikopo ya simu ilipoingia, kuziba tundu moja kwa kutoboa jingine.

Na hapa niseme neno juu yetu sisi watu wa kilimo. Tumewahimiza watu sana wafuge ng'ombe wa gredi, tukawaonyesha zizi bora na majani ya kukata. Hatukukaa nao kuhesabu itakuwaje ng'ombe wawili wakifa.

Turudi kwenye sheria. Ni kweli ipo. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ilichukua mahali pa sheria ya zamani iliyotoka wakati wa ukoloni, nayo inamruhusu mtu asiyeweza kulipa madeni aiombe Mahakama Kuu imtangaze kuwa amefilisika. Mali yake huwekwa chini ya msimamizi, auze kinachouzika, awagawie wadai. Vitu vya lazima vya nyumbani na vifaa vya kazi huachiwa mwenyewe kwa kiasi. Miaka mitatu baada ya kutoa taarifa kamili ya mali na madeni yake, kama hakuna mtu aliyepinga, aliyefilisika hufunguliwa, na madeni mengi yaliyobaki humtoka. Si yote. Deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutwi, wala fedha mahakama iliyoamuru kwa malezi ya mtoto.

Katika miaka hiyo mtu huyo haruhusiwi kuanzisha biashara wala kusafiri nje ya Kenya bila idhini. Hawezi kuchaguliwa kuwa Mbunge wala mjumbe wa Bunge la Kaunti, kwa maana Katiba ya mwaka 2010 inakataza. Mzee alicheka aliposikia hayo. Alisema hana haja ya ubunge.

Mimi simwoni aliyefilisika kuwa mwizi, na wanaomcheka sokoni wanakosea. Yuko mtu ambaye njia hii inamfaa kabisa. Mfanyabiashara wa pale Thika mjini ambaye duka lake limekufa, hana shamba, hana mdhamini, na wadai sita wanamvuta kila mmoja upande wake, huyo akiomba kufilisishwa anafanya jambo la busara. Hata mahakama zetu zimekwisha sema kwamba asiyekuwa nacho si sawa na asiyetaka kulipa. Mwaka 2010, katika shauri la ufilisi la mama mmoja aliyekabiliwa na kifungo cha deni, Jaji Martha Koome, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2021, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba ni kinyume cha mapatano ya mataifa ambayo Kenya imeyakubali. Sheria ya kifungo cha deni bado ipo, lakini humfaa yule mwenye fedha anayezificha.

Lakini wewe mkulima wa skimu si mfanyabiashara yule. Wewe una mambo mawili ambayo yeye hana: hati iliyo benki, na jirani waliotia sahihi.

Kwanza hati. Wengi hudhani kwamba ukifilisika benki nayo itaambiwa ikae kimya. Sivyo. Mdai aliyewekewa rehani hasimamishwi na kufilisika kwako. Shamba lile analo mkononi. Ukishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki ikupe notisi ya muda usiopungua miezi mitatu, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Naye dalali anapaswa kukupa siku 45 za kulikomboa shamba kabla ya mnada. Siku hizo ni mali yako. Mtu anayezitumia kutafuta fomu za kufilisika, huku hajaandikia benki hata barua moja, amezitupa. Na msisahau kwamba kutoka Ruiru mpaka Thika, tangu barabara kuu ilipomalizwa mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa yamekatwa viwanja. Shamba likinadiwa huku halikosi mnunuzi, na mnunuzi huyo hatapanda mahindi.

Pili, jirani. Hili ndilo lililonifanya niandike. Nilimwuliza mzee: "Mkifilisika, deni la Sacco atalipa nani?" Akajibu: "Si litakuwa limefutwa?" Nikamwambia, kwako wewe litafutwa, lakini mdhamini hafunguliwi kwa kufunguliwa kwako. Akiba yake katika Sacco ni Sh. 110,000. Sacco itaichukua hiyo kwanza. Zitabaki Sh. 210,000. Gawanya kwa watu watano, kila mmoja Sh. 42,000. Hiyo ni karibu karo ya mwaka mzima ya mtoto katika shule ya sekondari ya bweni. Mama akaanza kuwataja kwa vidole: huyu ana mtoto Kidato cha Pili, huyu ni mjane, huyu ndiye aliyetusaidia kumzika baba. Alipofika wa nne akanyamaza.

Sheria haina kosa hapo, kwa kuwa mdhamini alijua anachotia sahihi. Lakini sheria haiishi Ngoliba. Wewe unaishi. Utachota maji mto ule ule na watu hao, na miaka mitatu ya kufilisika ikiisha, bado utakuwa jirani yao.

Wazee watakumbuka jambo jingine. Mpango wa ekari milioni ulipoanza mwaka 1962, fedha zilitoka Uingereza, Benki ya Dunia na kwingineko, na mkulima aliyepewa shamba alikopeshwa bei ya shamba lenyewe. Alipaswa kulipa kwa miaka 30, kila nusu mwaka, na riba ya asilimia sita na nusu. Wengi walichelewa, tena sana. Hati haikutoka mpaka deni liishe. Iko familia katika skimu zetu ambayo baba alianza kulipa akiwa kijana akamaliza ana mvi, kisha mwana akaipeleka hati ile benki asubuhi moja, akarudi saa nane na fedha. Sisemi kukopa ni vibaya. Ng'ombe hanunuliwi kwa maneno. Nasema kwamba hati ile ina miaka 30 ndani yake, na mwenye kuiweka rehani yafaa ajue hivyo wakati anapotia sahihi.

Na mke pia. Sheria inataka akubali kabla shamba lenye nyumba yao halijawekwa rehani. Nilimwuliza mama kama aliisoma ile karatasi ya benki. Akasema aliambiwa "tia hapa," akatia. Akina mama, mnao uwezo wa kukataa. Ombeni karatasi isomwe yote, kwa lugha mnayoijua, kabla kalamu haijagusa. Tena fahamuni kwamba deni ambalo mume amekopa peke yake kwa kawaida si deni la mke, ila kama naye ametia sahihi ya kukopa au ya kudhamini. Kufilisika nako humshika yule anayedaiwa, si nyumba nzima kwa pamoja. Hawa wawili walidhani wangejaza fomu moja kama cheti cha ndoa.

Basi niliwashauri nini? Niliwaambia wasijaze fomu yo yote mwezi ule. Kwanza waende nyumbani, wawaite wadhamini wote watano, wawaonyeshe karatasi ile ile niliyoandika, pamoja na deni la simu na la chama. Mzee aliona haya kubwa. Alisema afadhali dalali. Mama ndiye aliyesema watawaita.

Pili, waandike barua kwa benki, si simu, kuomba muda wa mkopo urefushwe na malipo ya mwezi yapungue, na waambatishe hesabu ya maziwa. Benki nyingi hupendelea kulipwa polepole kuliko kubishana mnadani, lakini haziwezi kujua hali ya mtu aliyejificha. Tatu, ekari moja iliyo karibu na mto ikodishwe kwa mtu wa mishiri, kwa idhini ya benki iliyoandikwa na kwa kibali cha Bodi ya Ardhi. Nne, waache kabisa mikopo ya simu, hata ya siku moja. Deni la duka walipe kidogo kidogo wakizungumza na mwenye duka; naye ni mtu.

Na kama hayo yote yakishindikana, sheria ile ile ya 2015 ina milango mingine kabla ya ule mkubwa. Upo mpango wa mapatano ya hiari, ambapo mdaiwa huwaletea wadai wake pendekezo la kulipa, na wakilikubali kwa kura wanafungwa nalo. Ipo pia amri ya kulipa kwa mafungu, kwa mtu mwenye kipato lakini asiyeweza kulipa yote mara moja. Nayo haiwezi kumlazimisha mwenye rehani, kwa hiyo barua ya benki bado ni ya lazima. Kwa mambo haya nendeni kwa wakili, au mwulize Msimamizi Rasmi wa Serikali anayeshughulikia ufilisi, wala msimpe fedha mtu ye yote wa barabarani anayesema anaweza kufuta madeni kwa siku saba. Watu wa namna hiyo wapo Thika, na wengine wana mihuri.

Wadhamini waliitwa Jumamosi. Wanne walikuja, wa tano alimtuma mwanawe. Mzee ameniambia kwamba mmoja alikasirika akaondoka kabla ya chai, kisha akarudi. Wamekubali kwenda Sacco pamoja naye kuomba malipo ya mwezi yashuke, na mmoja wao ndiye atakayekodi ile ekari ya mto, benki ikikubali. Akina mama wa chama wamempa mama mpaka mavuno ya mahindi.

Benki haijajibu bado. Barua yao ilipokelewa na kupigwa muhuri, na nakala yake iko katika bahasha ile ya kaki. Notisi ya miezi mitatu imebakiza siku 41. Mama amezihesabu kwenye kalenda ya ukutani, na kila asubuhi akimaliza kukamua anafuta moja kwa kalamu nyekundu.