Mastaa wa bata la Maziwe, shukeni kwenye matumbawe!

Wadau, safari zenyewe mnazijua. Msafara unatoka Dar alfajiri, unapita Bagamoyo, stori ya kwanza inatupiwa Kiwangwa na nanasi limekatwa juu ya boneti. Ya pili ni njia panda ya Msata, kilomita 64 za lami kutoka Bagamoyo zimeisha, vioo chini, muziki juu. Halafu Segera, Muheza, jioni Pangani. Hadi hapo hakuna neno. Pesa yao, mafuta yao, bata lao.

Shida inaanza kesho yake, boti ikifika kisiwa cha Maziwe.

Kwenye picha staa amesimama katikati ya bahari, maji yanamfika magotini, mikono hewani, utadhani anatembea juu ya maji. Chini ni mioto na makopakopa tupu. Hakuna anayeuliza amekanyaga nini. Amekanyaga tumbawe, na tumbawe si jiwe. Ni wanyama wadogo hai, maelfu kwa maelfu, waliojengeana nyumba. Yale ya mviringo mengi hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo la kimo cha goti lilianza kukua kabla mastaa wengi wa leo hawajazaliwa. Yale ya matawi ndiyo kabisa, yanavunjika kama biskuti.

Na tuseme ukweli, wengi wao hawajui kuogelea. Siri yote iko hapo. Anavaa miwani na mrija, anainamisha uso dakika mbili kwa ajili ya kamera, pumzi inakata, mguu unatafuta pa kutua. Dawa ipo ndani ya boti: laifu jaketi. Lakini ni la rangi ya chungwa, limepauka, linaua pamba zote alizokuja nazo. Basi bora life tumbawe. Nahodha anaona, anameza mate. Ameahidiwa namba yake itatupiwa mtandaoni, atamkemea nani?

Kisha vinakuja viti vya pweza. Vinatolewa majini, vinapangwa mchangani kama mapambo ya keki, kimoja kinawekwa kichwani. Yule ni mnyama, uhai wake uko ndani ya maji. Ni sawa na kumzamisha staa halafu kumwambia atabasamu.

Kinachouma zaidi ni hiki. Maziwe ni eneo tengefu tangu mwaka 1975, na mvuvi wa Pangani au Ushongo haruhusiwi kuvua pale. Miaka yote ameambiwa aache mabomu, aache kokoro, alinde mazalia ya samaki. Sawa, mabomu yaliharibu kweli. Lakini leo mvuvi huyo huyo anamtazama mgeni akiponda mazalia yale yale kwa visigino, tena anapigiwa makofi. Mwenye njaa anabanwa, mwenye wafuasi anapita!

Mashabiki watasema wanatangaza utalii. Utalii wa nini? Zamani Maziwe ilikuwa na miti. Sasa ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama lote, na mayai ya kasa yasipohamishiwa ufukwe wa Ushongo yanazama nalo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakapauka na kufa. Kilichobaki cha kumuonyesha mgeni kiko chini ya maji, na ndicho hicho kinachogeuzwa jukwaa.

Sikukuu zinakuja, misafara itapita tena Msata. Staa atakayetupia picha anaelea, jaketi la chungwa kifuani, miguu juu, apewe laiki zote. Atakayeonekana amesimama, aulizwe pale pale chini ya picha yake: umesimama juu ya nini?