Lubutu: Mashini ya zamani isiwanyime watoto baba yao

Siku ya posho, salongo ikiisha, Lubutu hubadilisha sauti. Kwenye nyua nyingi utasikia nyundo, ufunguo ukigonga chuma, na pikipiki inayokohoa bila kuwaka. Hizo si garaji za biashara. Ni nyumba za walimu, wauguzi, madereva na wachuuzi. Mmoja amerithi Yamaha AG100 iliyoachwa na mradi fulani, mwingine ana DT125 ya miaka mingi, na mwingine Land Rover ya zamani iliyonunuliwa ikiwa haina hata viti. Juma yote wanatafuta riziki. Siku mbili za mwisho wanazitoa kwa mashini.

Wapo wanaowacheka. Wanasema kwamba pikipiki mpya za TVS na Boxer zimejaa barabarani, sasa kwa nini mtu ahangaike na chuma cha zamani? Sisi hatuwacheki. Katika mji ulio katikati ya msitu, zaidi ya kilometa 200 kutoka Kisangani kwa barabara ya taifa nambari 3, mtu anayejua kufufua injini iliyokufa ni mali ya mji mzima. Ni yeye atakayeitwa usiku wakati mama mjamzito anapaswa kufikishwa hospitali na gari limegoma.

Lakini kuna swali ambalo haliulizwi sana: watoto wa huyo fundi wa siku ya posho wako wapi wakati baba yao amelala chini ya gari?

Tujue kwanza maisha ya juma yalivyo. Baba anayefanya biashara kati ya Lubutu na Kisangani, au upande wa Walikale, haondoki asubuhi na kurudi jioni. Mvua ikinyesha, lori linazama matopeni, na safari ya siku moja inageuka ya siku nne. Mwendesha pikipiki naye anaondoka watoto wakiwa wamelala na kurudi wakiwa wamelala tena. Kwa nyumba nyingi, siku ya posho na siku ya yenga ndizo siku pekee ambazo mtoto anaweza kumwona baba yake kwa mwanga wa jua. Kama siku hizo nazo zinamezwa na karbureta, mtoto atakua akimjua baba yake kwa mlio wa pikipiki yake tu.

Msimamo wetu ni huu: kazi ya mashini za zamani iendelee, lakini iwe kazi ya nyumba nzima. Isiwe mahali pa baba kujificha mbali na familia, wala njia ya kumgeuza mtoto kuwa mfanyakazi asiyelipwa.

Anayesema kwamba mtoto hawezi kujifunza kitu pale, aketi dakika kumi karibu na fundi mwenye subira. Buji ikitolewa kwenye injini, rangi yake inaeleza habari. Ikiwa kahawia hafifu, injini inapumua vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi, esansi inazidi hewa, au chujio la hewa limeziba. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inachemka kupita kiasi na hatari iko njiani. Mtoto wa miaka kumi anaelewa hayo kwa mara moja, na anapoyaelewa amekwisha kusoma somo la sayansi ambalo shuleni huandikwa ubaoni bila kuonyeshwa. Vilevile mnyororo wa pikipiki: ukikazwa sana unakula meno na beringi, ukilegea sana unaruka na kumwangusha mtu. Kuna kipimo cha kati, na mtoto akipewa rula ataupima mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi.

Historia ya magari katika Afrika Mashariki inatuonyesha kwamba ufundi na familia vinaweza kwenda pamoja. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za vumbi na matope zinazofanana na zetu. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, akiwa ndani ya Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika. Aliyeketi kando yake hakuwa mtaalamu wa kukodiwa kutoka Ulaya. Alikuwa Jaswant, ndugu yake wa damu. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Gari la mkono wa pili na ndugu wawili wanaoaminiana vilizishinda timu zenye fedha.

Na mjini Nairobi, tangu mwaka 1970, chama cha wenye magari ya Alfa Romeo huandaa maonyesho yanayoitwa Concours d'Elegance. Watu huleta magari na pikipiki zao, nyingine za miaka mingi sana, na waamuzi huchungulia usafi, injini na hali ya chuma. Familia huja na watoto wao na kushinda hapo siku nzima. Sisi hatuna uwanja wa namna ile wala fedha zile, na hatuhitaji. Tunachohitaji ni wazo lenyewe: kwamba kazi iliyofanywa uani kwa miezi ionyeshwe hadharani, mbele ya mke, watoto na majirani, na wote waione kuwa ni yao.

Basi tunawaomba wenye mashini za zamani wa Lubutu mambo manne.

La kwanza, mtoto aitwe kama mtoto wa nyumba. Ashike taa, asome namba, aulize maswali, na akichoka aende kucheza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu imeukubali, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayejifunza kando ya baba na mtoto anayesukuma gari juani mpaka jioni huku kazi zake za shule zimelala ndani ya mfuko. Shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019. Itakuwa aibu kama kinachomzuia mtoto sasa ni Land Rover ya baba yake.

La pili, binti naye aitwe. Katika nyua nyingi kijana anapewa ufunguo, dada yake anatumwa maji. Hatujui injini yoyote inayouliza kama mkono unaoifungua ni wa kiume. Msichana anayejua kusafisha buji na kurekebisha breki hatakwama njiani akimsubiri mtu asiyemfahamu.

La tatu, usalama. Gari lisishikiliwe na jeki peke yake wakati mtu yuko chini. Liwekewe magogo mazito au mawe mapana, na tairi zizuiliwe mbele na nyuma. Injini isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa sababu moshi wake unaua bila harufu ya kuonya. Esansi isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, wala isitumiwe kunawisha mikono ya watoto. Vumbi la breki za magari ya zamani lisipulizwe kwa mdomo, kwani breki nyingi za wakati ule zilitengenezwa na amianti, inayoharibu mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Na mafuta machafu yasimwagwe kwenye mtaro unaoshuka mtoni, ambako mama zetu wanachota maji na kuosha mihogo. Yakusanywe kwenye bidoni.

La nne, siku iwe na mwisho. Fundi aamue saa ya kufunga sanduku la vyombo, na ikifika afunge, hata kama skrubu moja imekataa. Skrubu itangoja mpaka juma lijalo. Mtoto aliyeahidiwa kupelekwa kwa bibi yake hapaswi kuambiwa "bado kidogo" mpaka giza liingie. Hali kadhalika fedha: iwepo daftari, na mama wa nyumba alione. Franka zilizonunua pistoni bila yeye kujua ndizo zinazowasha ugomvi ambao hakuna fundi anayeuzima.

Kwa viongozi wa eneo, kwa paroasi, makanisa na misikiti, tuna pendekezo moja lisilohitaji bajeti kubwa. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, itengwe siku ya posho ambapo kila mwenye mashini ya zamani ataileta kwenye uwanja mmoja. Tuzo isiende kwa rangi inayong'aa. Iende kwa breki zinazoshika, taa zinazowaka, na kwa familia ambayo mtoto wake ataweza kueleza mbele ya watu ni nini kilikuwa kimeharibika na kilitengenezwaje. Wazee walioendesha malori wakati barabara ilikuwa barabara wakae kwenye meza ya waamuzi. Wanayo mengi vichwani, na wakiondoka bila kuulizwa, yataondoka nao.

Wakongomani tumezoea kusema "Article 15", yaani kila mtu ajitafutie. Tumejitafutia barabara, taa, maji na piesi. Lakini mtoto hawezi kujitafutia baba. Kama mashini ya zamani inaweza kumfanya mzazi na mtoto wakae saa tatu chini ya mwembe mmoja, wakiongea, basi tuitunze vizuri. Na kama inawatenga, bora iuzwe.