Somo la ikolojia lifike shambani

Wanafunzi wengi wa kilimo vyuoni hulichukulia somo la ikolojia la mwaka wa kwanza kuwa ni la kufaulia mtihani tu. Mkulima naye akilisikia hudhani ni habari za wanyama wa mbugani. Wote wawili wanapata hasara.

Msingi wa somo hilo ni kwamba kila kiumbe kina chakula chake na adui wake. Mfano ni kidung'ata wa muhogo, mdudu mwenye unga mweupe aliyeingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku hakumkuta adui wake, hivyo alizaliana kwa wingi na kuharibu mashamba. Mwaka 1981 adui huyo, nyigu mdogo sana, alipatikana Paraguay na kuletwa Nigeria. Hutaga yai ndani ya kidung'ata, na buu linaloanguliwa humla akiwa hai. Nyigu huyo alisambazwa katika nchi nyingi, na wakulima hawakudaiwa hata senti. Hans Herren wa Uswisi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Mkulima anayepuliza dawa kila aonapo mdudu huua pia nyigu na buibui wanaomlindia mazao bure. Wadudu waharibifu hurudi kwa wingi, naye hulazimika kununua dawa tena. Faida huishia dukani kabla mazao hayajafika sokoni.

Vyuo havina budi kulifundisha somo hilo shambani, na maofisa ugani kulifikisha vijijini. Mkulima naye, kabla ya kununua chupa nyingine, akague majani amjue mharibifu na mlinzi.