SHOKA LA KUAZIMA, PAMPU YA KUAZIMA



Leo naongea na wewe uliyeazima kitu cha watu kikakufia mkononi.

Mafuriko ya 2024, Mto Tana ulipovunja kingo, shamba letu dogo lilizama, na pampu ya maji ikazama nalo. Haikuwa yangu. Niliiazima kwa jirani, mzee Mwislamu. Maji yaliposhuka nikaitoa kwenye matope na kuiosha. Kwa nje iling'aa. Moyo wangu ukaniambia, "Mrudishie jioni, unyamaze."

Nikakumbuka 2 Wafalme 6. Kijana anakata mti Yordani, shoka linazama, analia kwa sababu ni la kuazima. Tunapenda kuhubiri chuma kilichoelea. Lakini kabla ya muujiza, Elisha aliuliza limeangukia wapi, na kijana akaonyesha mahali. Hakuficha.

Nikampigia mzee simu, nikasema ukweli. Akajibu, "Pasta, usivute kamba! Nakuja na spana."

Neno hilo liliokoa injini. Maji hayashindiliki kama hewa. Ukivuta kamba kwa nguvu na maji yamejaa juu ya pistoni, mkono wa pistoni unaweza kupinda.

Tulikaa chini ya mwarobaini. Tukafungua bolti, tukatenganisha injini na pampu, kila nati tukaipanga kwenye sinia kwa zamu yake. Tukatoa plagi. Tukamwaga petroli ya tangi na ya kabureta. Oili ikatoka kama chai ya maziwa: maji yalikuwa yamefika ndani kabisa. Ndipo tukavuta kamba polepole, plagi ikiwa nje, maji yakaruka. Tukakausha chujio la hewa, tukaweka oili mpya, petroli mpya na plagi kavu. Ikawaka! Baada ya dakika chache tukaizima, tukamwaga oili tena, kwa maana ile ya kwanza ilikuwa ya kusafisha tu.

Na tuliiwashia nje uwanjani. Mpendwa, usijaribu injini ndani ya nyumba au stoo iliyofungwa. Katika moshi wake kuna gesi isiyo na harufu, nayo inaua.

Sasa msimamo wangu, hata kama wengine hawataupenda. Wako watumishi wanaowekea mashine mikono na kukemea pepo wa uharibifu kabla hawajaangalia oili. Sikubaliani nao. Omba, ndiyo, lakini fungua. Tatizo usilotaka kuonyesha mahali lilipo, unataka Mungu aliponye vipi?

Na kurudisha kitu kibovu kimya kimya ni wizi. Hapa Garissa sisi Wakristo ni wachache. Mzee yule hatakuja kanisani kunisikia Jumapili, lakini pampu yake anaijua vizuri. Ningemdanganya, hayo ndiyo mahubiri yangu pekee ambayo angeyapata. Badala yake, tulishika injini moja, yeye upande huu, mimi upande ule, mikono yetu yote michafu kwa oili.

Wewe umeficha nini cha watu? Jenereta? Pikipiki? Pesa? Piga simu leo, kabla jua halijazama.

Baba, tupe ujasiri wa kuonyesha mahali shoka lilipoangukia. Katika jina la Yesu.

Kama ni wewe, andika AMINA, kisha nenda ukarudishe. Mbarikiwe. 🙏